Bastola ya shabaha ichaguliwe kwa kiganja, si kwa jina

Ndugu Mhariri, assalamu alaykum.

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana mazungumzo ya vijana hapa Chake kuhusu bastola za shabaha yananitia wasiwasi. Wanataka kuanza na hilo ni jambo zuri sana, lakini kila mtu anataja jina la kampuni, mara Steyr mara Morini mara Walther, hakuna anaeuliza kiganja chake kikoje.

Yule mpiga bastola wa Kituruki, Yusuf Dikeç wa Olimpiki ya Paris 2024, ndie alowatia watu hamu. Waliona picha, fulana, miwani ya kawaida, mkono mfukoni, basi wakasema ah kumbe vifaa si chochote. Sivyo jamani. Mkono mfukoni wapigaji wengi wa bastola wanafanya ili mwili usiyumbe, hata Şevval İlayda Tarhan aloshinda nae ile medali ya fedha alisimama hivo hivo. Na bastola ya Dikeç ilikuwa ya mashindano kamili, mpini umechongwa ukakumbatia kiganja.

Mie nasema anza na bastola ya upepo ya mita 10, inayosukuma risasi za milimita 4.5 kwa hewa, hio .22 ya risasi za moto iwache mpaka baadae. Ya upepo haina kishindo, risasi zake rahisi, na sheria za ISSF, shirikisho la shabaha la dunia, zinakutia adabu mapema: bastola isizidi gramu 1,500, mkono mmoja tu, kifundo cha mkono kisiegemee kitu, risasi 60 kwa saa moja na robo, na duara la kumi lina milimita 11.5, kama kifungo cha shati, ulilenge kutoka mita 10.

Sasa kwenye mpini ndio penye kazi. Iko midogo, ya kati na mikubwa, ya kulia na ya kushoto. Hakikisha bastola haina kitu ndani, ielekeze kwenye shabaha, funga macho, inua mkono usawa wa bega, halafu fumbua. Kama saiti ya mbele, yaani kile kilengeo, imekaa katikati ya ile ya nyuma bila ya wewe kuisukuma basi mpini umekukubali, kama imeenda pembeni au imezama utapigana na kifundo chako risasi zote 60. Kuna kijana namjua mpini ulikuwa unambana chini ya kidole gumba na huku katikati ya kiganja mna uwazi, akaenda nao kwa seremala, penye kubana pakapigwa msasa kidogo kidogo, penye uwazi pakajazwa puti ya mbao, akaukamata puti bado mbichi mpaka ikachukua umbo la kiganja chake, na sasa saiti inakaa yenyewe. Mafundi wetu wanaochonga milango hawashindwi na kazi hii. Na mwenye mashoto asikubali kuuziwa mpini wa kulia kwa kuambiwa atazoea.

Triga, yaani kile kifyatulio cha kidole, iwe ya hatua mbili, unasogeza mpaka inagota, halafu unaongeza kidogo inaachia pale pale. Inayoburuta usinunue hata ikiwa rahisi vipi. Kabla ya mashindano wanatundika uzito wa gramu 500 kwenye triga, bastola inanyanyuliwa, ikifyatuka kabla uzito haujanyanyuka basi hupigi mpaka urekebishe.

Watu wanauliza kisiwani hapa upepo utajaza wapi. Silinda za bastola hizi, ndio vimitungi vinavyobeba hewa, kwa kawaida zinajazwa mpaka baa 200 (baa ni kipimo cha nguvu ya hewa), na mitungi ya kuzamia baharini inajazwa karibu hapo hapo. Vituo vya kuzamia vipo, Nungwi kule Unguja na hata huku Pemba, kwa hio uwe na adapta ya silinda yako na uombe hewa kavu. Silinda nyingi zina umri wa miaka 10, kwa hio ukinunua ya mtumba tizama tarehe iliogongwa, isokuwa na tarehe iwache. Asietaka habari za mitungi atafute ya kupampu mara moja kwa kila risasi, kama ile Baikal IZH-46M ya Kirusi, inadumu na inapiga vizuri, ila wenzo wake mzito na mkono mchanga utachoka mapema.

Chumvi ya bahari nayo hainaga huruma na chuma. Ukimaliza futa jasho, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo nje, lakini mafuta ya kawaida yasikaribie vali wala silinda, kwenye hewa ya nguvu namna ile ni hatari.

Ya .22 itakuja baadae, ile ya mita 25 triga yake inaanzia gramu 1,000, na mkono utakuwa ushakomaa. Lakini iwe ya upepo iwe ya risasi za moto, mtu aende polisi kwanza akaulize kibali kabla hajatuma pesa nje, mzigo usije ukakwama bandarini. Na kama vijana wataungana, wanunue moja yenye mpini wa kurekebishika, wapokezane, kila mmoja ajue saizi yake kabla ya kununua yake.

Wasalaam,
Mpenzi wa shabaha,
Chake Chake, Pemba