Daladala mpya, mama hapandi

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu niolewe na sijawahi kukuandikia. Ila ile habari yenu ya wiki iliyopita ya kusifu daladala mpya zinazoingia hapa Tanga imenikaa kooni. Mwandishi wenu amesifu rangi, redio na viti vya kitambaa. Mlango hakuugusa hata kwa neno moja.

Huo upya tuuseme ulivyo. Hizo Hiace ni mtumba wa Japani, na nyingi zilitengenezwa kwa kubeba mizigo. Zikifika huku, fundi wa kuchomelea anapachika viti. Paa linabaki lile lile la kupakilia maboksi, ndiyo maana mtu mzima anaingia kama anarukuu. Injini iko chini ya viti vya mbele. Ukikaa hapo, unafika Pongwe mapaja yanawaka.

Alhamisi nilimpeleka mama kliniki. Ana miaka 74 na goti la kulia halikunji. Konda akaburuza mlango gari halijasimama sawasawa, akamdaka mama kwapani na kumsukuma ndani kama kiroba. Mama akashika chuma cha kiti, chuma ambacho fundi hakukipiga tupa, kikamchana kanga na ngozi ya muundi. Damu ikateremka hadi kwenye ndara. Akakaa juu ya uvimbe wa tairi, kila shimo kichwa kinagonga paa. Kushuka ndiyo balaa zaidi: watu watano walishuka kwanza ili yeye apite, dereva anapiga honi, konda anamwambia, "Bibi, changamka, gari halilali hapa." Na mama yangu, na damu yake mguuni, akawaomba radhi abiria kwa kuwachelewesha. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Daladala za zamani, zile DCM na Coaster, zilikuwa na kasoro, sizikingii kifua. Moshi uliingia ndani, mvua ilivuja, na gari likizima mnashuka kusukuma. Lakini ulisimama wima, ukashika bomba, ukafungua dirisha upepo wa bahari ukaingia. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1980, nilikaa Dar es Salaam kwa mama mdogo. Kwenye yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungaria, ya UDA, shirika la usafiri la jiji, tuliyoyaita kumbakumba, mjamzito alipita mlangoni na kapu lake. Na siuchukii upya: Dar hiyo hiyo, tangu 2016, kwenye mwendokasi sakafu ya basi na ya kituo ziko sawa, mtu anaingia anatembea.

Na makonda hao hao ndio wanaowaacha wanafunzi. Kila asubuhi hapa Majani Mapana nasikia, "Mwanafunzi mmoja tu!" na mlango unafungwa. Mtoto akichelewa anachapwa yeye. Hilo nalo liandikeni.

Nashauri hivi. Gari lolote, kabla halijapewa leseni ya kubeba abiria Tanga, lisimamishwe stendi ya Kange. Apande bibi wa miaka 70 au zaidi, amejifunga kanga, mkononi ana kapu la kilo 5 za samaki kutoka soko la Deep Sea. Apande na kushuka mara mbili bila kushikwa na mtu. Akishindwa, ichomelewe ngazi ya pili chini ya mlango, na vyuma vyote vya viti vipigwe tupa. Mama amesema atakuja mwenyewe, goti likipoa.

Binti wa Pongwe,
Majani Mapana, Tanga