Wasafishaji wa taarabu ya Tanga watutunzie na nakala ghafi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu nyimbo za zamani za taarabu ya Tanga, hasa za vikundi vya Black Star na Lucky Star, ambazo siku hizi tunarushiana kwenye simu tukiambiwa zimesafishwa. Mvumo wa kanda kweli umepungua, na nia ya vijana wanaoifanya kazi hiyo naiheshimu. Lakini katika nyingi nilizozisikiliza, «s» na «sh» za mwimbaji zimekwenda na mvumo huo, ilhali mikwaruzo ya santuri, iliyostahili kutangulia kuondoka, ingali palepale.

Sababu yake imo katika njia yenyewe. Baadhi ya programu za kusafishia huchambua sauti kwa weveleti, vijiwimbi vifupi ambavyo Mfaransa Jean Morlet alivitumia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuchunguza mitetemo ya ardhi katika utafutaji wa mafuta. Sauti hugawanywa kwa ngazi: faili likiwa na sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, ngazi ya kwanza hubeba mitetemo kati ya 11,000 na 22,000 hivi kwa sekunde, ya pili 5,500 hadi 11,000, ya tatu 2,750 hadi 5,500, na kuendelea. Katika kila ngazi sauti huwa ni namba, na zile zisizofika kizingiti, yaani kiwango cha chini kilichowekwa, huhesabiwa kuwa kelele na kufanywa sifuri.

Sasa «s» ya mwimbaji huangukia zaidi ngazi ya pili na ya tatu, tena ikiwa imesambaa katika namba nyingi ndogondogo, kama kelele yenyewe ilivyo. Mkwaruzo ni kishindo cha mara moja. Namba zake ni kubwa, hivyo hukivuka kizingiti salama. Ndiyo maana mikwaruzo haina budi kuondolewa kwanza kwa zana yake, kabla weveleti hazijaguswa.

Kizingiti nacho wengi hukiacha kama programu ilivyokipanga. Kanuni mashuhuri ya wanatakwimu David Donoho na Iain Johnstone ya mwaka 1994 hukipandisha kadiri sampuli zinavyozidi: kwa kipande cha sekunde moja ni kama mara 4.6 ya kiwango cha kelele, na kwa wimbo wa dakika tatu unaochakatwa kwa mkupuo ni mara 5.6. Ni kanuni nzuri kwa anayetaka kelele iishe kabisa, ila kwa waimbaji wetu naiona kali mno. Isitoshe, kiwango hicho cha kelele kwa kawaida hukadiriwa kutoka ngazi ya kwanza, ambayo katika rekodi iliyopitia kaseti huenda haina kitu cha maana. Afadhali kila ngazi ipimwe peke yake, pale mwanzoni ambapo ala hazijaanza.

Kipo kipimo rahisi ambacho sielewi kwa nini hakitumiki: kutoa sauti iliyosafishwa kutoka ile ya awali, kisha kusikiliza kilichobaki. Mwimbaji akisikika humo, hata kwa mbali, kizingiti kishushwe.

Kwa wenye santuri na kanda majumbani, ombi langu ni kwamba msizitoe zisafishwe kabla hamjakabidhiwa nakala ya dijitali isiyoguswa wala kubanwa, kwa kuwa kilichofanywa sifuri hakirudishwi na programu yoyote.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga