Kwa nini mfuatano wa DNA unarudi hausomeki

Mteja akifungua faili la majibu na kukuta vilele vya grafu vimepandana, hutuuliza sisi wa maabara ya kusoma DNA kama mashine imeharibika. Mara nyingi mashine ni nzima. Kasoro ilianza wakati wa kunakili, kabla sampuli haijatufikia.

PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, huendeshwa na joto. Likifika nyuzi 95 za Selsiasi, pande mbili za DNA huachana. Likishuka hadi kati ya 50 na 65, praima mbili, yaani vipande vifupi vya DNA vya besi (herufi za DNA) 20 hivi, hunasa kila moja mahali pake, moja kila ncha. Likipanda hadi 72, polimeresi ya Taq hujenga upande uliokosekana. Kimeng'enya hiki asili yake ni bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, hivyo kinastahimili joto hilo. Kila mzunguko wa hatua hizo huongeza nakala maradufu, na mizunguko 30 kwa hesabu ya karatasi huzaa nakala zaidi ya bilioni moja kutoka molekuli moja. Kwenye tyubu hazifiki, ila zinatosha.

Shida ni kwamba PCR haichagui: praima ikinasa sehemu mbili, zote hunakiliwa.

Kusoma ni kazi nyingine, kwa mbinu ya Frederick Sanger ya mwaka 1977. Siku hizi huwekwa praima moja tu, pamoja na nyukleotidi (matofali ya kujengea DNA) za kawaida na chache zenye rangi, rangi nne kwa herufi nne. Yenye rangi ikiingia, ujenzi husimama hapo hapo. Hupatikana vipande vya kila urefu. Mashine huvipitisha kuanzia kifupi na kusoma rangi ya mwisho ya kila kimoja. Kukiwa na DNA za aina mbili, rangi mbili hupita kwa pamoja, na hapo hakuna programu ya kukuokoa. Praima zilizobaki kwenye PCR huleta vurugu ileile, kwa sababu usomaji huanzia ncha zote mbili.

Kwa hiyo pitisha bidhaa yako ya PCR kwanza kwenye jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu na kuvionyesha kama mistari. Mstari mmoja, isafishe, itume. Ukiona miwili, pandisha kidogo joto la kunasa praima urudie, au kata ule unaoutaka kwenye jeli. Na besi 30 hadi 50 za mwanzo huwa hazisomeki vizuri hata sampuli ikiwa safi, kwa hiyo usiweke praima karibu na badiliko unalolitafuta. Tutumie na picha ya jeli. Huwa tunaitazama kabla ya kuwasha mashine.