Kiti cha mkurugenzi wa michezo: jibu kwa Baraka

Kaka Baraka,

Habari za masomo na mazoezi? Huku wote wazima. Umeniuliza mtu aanzie wapi, akimaliza kukimbia, ili siku moja awe mkurugenzi wa michezo wa chuo hapo Marekani. Jibu langu ni fupi: chagua mapema kati ya kanuni na fedha. Ufundi wa mchezo wenyewe hautakufikisha kwenye kile kiti.

Watu wa kwetu wamepita vyuo hivyo miaka mingi. Henry Rono alikimbilia Chuo Kikuu cha Washington State, Suleiman Nyambui akawa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na Paul Ereng, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 1988, akaja kuwa kocha pale El Paso. Lakini ukocha ni njia nyingine. Mkurugenzi siku yake inaliwa na bajeti, mikataba ya makocha, wanasheria na wazazi waliokasirika. Uwanjani anaonekana dakika chache, basi watu wanadhani ndiyo kazi yenyewe.

Mlango wa kwanza ni ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Huko ndiko alikopita Candice Storey Lee, aliyecheza kikapu Chuo Kikuu cha Vanderbilt na kuja kuwa mkurugenzi hapo hapo mwaka 2020. Kazi ni ya kuchosha, ila utaijua idara nzima. Chukua alama ya maendeleo ya kitaaluma, APR. Kila muhula mwanariadha mwenye ufadhili wa masomo anailetea timu pointi mbili: moja kwa kubaki chuoni, nyingine kwa kuwa na sifa za kimasomo za kushindana. Tuseme mko wanane. Mmoja akifeli na kuondoka Desemba, anapoteza pointi zake zote mbili, na muhula wa pili mnahesabiwa saba. Pointi zinazowezekana kwa mwaka ni 30, mmepata 28, alama ni 933. Wakiondoka wawili hivyo hivyo, ni 24 kwa 28, yaani 857. Kiwango cha kuruhusiwa mashindano ya mwisho wa msimu ni 930, kwa wastani wa miaka minne. Ndiyo maana timu ndogo kama yenu inaumizwa na mtu mmoja au wawili, wakati futiboli ya Kimarekani haishtuki. Kocha anayesajili watu kwa kasi yao ya mbio tu, bila kutazama cheti, anamtengenezea mkurugenzi tatizo la miaka minne.

Mlango wa pili, na mimi nauona kuwa wa haraka zaidi, ni kutafuta wafadhili. Marais wa vyuo wanapoajiri mkurugenzi huuliza kwanza kama anajua kuomba pesa. Utapewa orodha ya wahitimu wa zamani, uwatembelee, ujue wanapenda nini, uombe, kisha uwape taarifa pesa yao imefanya nini. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na mfadhili asiyepewa taarifa harudi. Jambo jingine: usimguse mfadhili mkubwa kabla ofisi kuu ya michango ya chuo haijakuruhusu. Kocha akimpigia simu mtu kumwomba dola 20,000 za viatu na safari, kumbe rais alikuwa anamwandaa kutoa milioni mbili za maktaba, lawama inaishia kwa bosi wa michezo.

Tiketi, habari, maandalizi ya siku ya mechi: hayo nayo ni milango, ila wengi hukwama humo kwa sababu hawashiki bajeti.

Hesabu ya Title IX, sheria ya 1972 ya usawa wa kijinsia, lazima uimudu. Tuseme wanawake ni asilimia 57 ya wanafunzi, lakini kati ya wanariadha 300 wako 129 tu, asilimia 43. Ukitaka uwiano bila kumpunguza mwanamume yeyote, unahitaji wanawake 98 zaidi. Kuna njia nyingine mbili za kutimiza sheria, yaani kuonyesha kwamba chuo kimekuwa kikiwaongezea wanawake nafasi na bado kinaendelea, au kwamba matakwa yao yameshatoshelezwa, ila zote zinadai ushahidi wa maandishi. Wewe mwenyewe unahesabiwa mara tatu: mbio za nyika, riadha ya ndani, riadha ya nje. Wakubwa wanalijua hilo, na ndiyo maana timu ya wanaume ya mbio huwa rahisi kukatwa hesabu zinapobana.

Tangu Julai 2025 mambo yamekaza zaidi. Kwa suluhu ya kesi ya House, ambayo wanariadha waliishtaki NCAA, chuo cha Divisheni I (ngazi ya juu ya NCAA) kilichojiunga nayo kinaweza kuwalipa wanariadha moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Ukomo wa idadi ya ufadhili wa masomo umeondolewa, pakawekwa ukomo wa kikosi. Mbio za nyika ni watu 17. Kwa hiyo anayejua kusoma bajeti anatafutwa sasa kuliko zamani.

Hatua zako: tafuta shahada ya uzamili yenye kazi ya usaidizi ndani ya idara ya michezo, ile inayokuja na msamaha wa ada. Ohio University ndiyo walioanzisha ya usimamizi wa michezo, mwaka 1966. Kabla hujasaini, uliza kama msamaha wa ada unagusa pia zile ada ndogondogo, bima ya afya na miezi ya kiangazi. Hapo ndipo wengi wanaishiwa. Viza nayo: ukimaliza unapata miezi 12 ya kufanya kazi, na masomo ya usimamizi wa michezo kwa kawaida hayana nyongeza ya miezi 24 wanayopata watu wa sayansi na teknolojia. Afadhali tu kwamba vyuo haviingii kwenye bahati nasibu ya kila mwaka ya H-1B, viza ya kazi. Masharti hubadilika, hivyo ofisi ya wanafunzi wa kigeni iulize mapema.

Baada ya hapo usikimbilie jina kubwa. Chuo cha Divisheni II au III kitakupa kanuni, ratiba na usimamizi wa timu tatu kwa pamoja. Kwenye chuo kikubwa utakaa miaka mitano ukijaza fomu moja. Gene Smith alianza ukurugenzi Eastern Michigan, akapita Iowa State na Arizona State, ndipo akafika Ohio State mwaka 2005.

Wiki hii fungua takwimu za EADA za chuo chenu, yaani ripoti ya usawa katika michezo, zipo wazi kwenye tovuti ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Tazama mapato na matumizi kwa kila timu, andika maswali matatu, umwombe naibu mkurugenzi nusu saa. Ukipata barua ya ajira, nitumie kabla ya kusaini tuisome pamoja.

Wako,
Musa