Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tuokoe kichanga pamoja na masikio yake

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha watoto viziwi hapa Tanzania. Tunapoandikisha mwanafunzi mpya humuuliza mzazi uziwi ulianzaje, na jibu moja hujirudia: alizaliwa salama, akalazwa akiwa mchanga, akachomwa sindano, baadaye tukaona akiitwa haitiki. Sindano gani? Kwa siku ngapi? Mzazi hajui, na kadi ya kliniki haisemi. Basi hakuna awezaye kujua kama ni dawa, ni manjano, au ni homa ya uti wa mgongo iliyoharibu masikio.

Sitaki mama yeyote asome barua hii akaikataa jentamaisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria. Kichanga mwenye maambukizi kwenye damu anaweza kufa kwa siku moja, na WHO inapendekeza dawa hiyo pamoja na ampisilini. Lakini jentamaisini, kama ndugu zake streptomaisini na amikasini, inaweza kuua seli laini za sikio la ndani, na zikifa hazioti tena. Sauti kali nyembamba ndizo hupotea kwanza. Mtoto atashtuka mlango ukibamizwa, ila "s" na "f" hazimfikii, na nyumbani wataona ni mkaidi.

Ombi langu kubwa linahusu ampuli, yaani kichupa cha dawa ya sindano. Kichanga wa kilo 3 katika wiki ya kwanza anatakiwa miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, yaani miligramu 15. Ampuli iliyozoeleka ya miligramu 80 katika mililita 2 inamlazimu muuguzi kuvuta mililita 0.375. Kwa bomba la sindano la kawaida, usiku, wodi imejaa! Akizidisha mililita 0.1 tu, mtoto amepata miligramu 4 za ziada, zaidi ya robo ya dozi yake. Ipo ampuli ya miligramu 10 kwa mililita, ambayo kosa lilelile huongeza miligramu 1 tu. Naomba Bohari ya Dawa ihakikishe hiyo ndiyo inayofika kila wodi ya watoto wachanga.

Kuna swali pia ambalo halina gharama: je, upande wa mama yupo aliyepoteza usikivu baada ya kuchomwa sindano? Wapo watu wenye badiliko la kinasaba, linalorithiwa kwa mama pekee, ambao hata dozi sahihi huwaumiza.

Sera inaweza kulinda masikio. Wagonjwa wengi wa TB sugu walipona kwa sindano za kanamaisini, ndugu mwingine wa jentamaisini, wakabaki viziwi, hadi WHO ilipoacha kuipendekeza mwaka 2018 na vidonge kama bedakwilini vikashika nafasi. Kwa vichanga bado sindano tunaihitaji, kwa hiyo uangalifu ndio kinga yao.

Upandikizaji wa vifaa vya usikivu ulioanza Muhimbili mwaka 2017 ni jambo la kujivunia, lakini ni ghali na si kila mtoto ataufikia. Naomba uagize jina la dawa, dozi na idadi ya siku viandikwe kwenye kadi ya kila kichanga aliyechomwa jentamaisini, apimwe usikivu kabla ya kuruhusiwa, na apimwe tena anapoletwa kliniki. Kipimo chenyewe hufanyika kwa kifaa kidogo sikioni, mtoto akiwa amelala.

Kwa heshima,
Mwalimu wa wanafunzi viziwi