Mwanangu, Usiuamini Wembamba Wako

Mwanangu mpenzi,

Uliniandikia kwamba ugonjwa wa moyo ni wa watu wanene, na kwamba wewe, uliye mwembamba kama baba yako, huna haja ya kupima. Maneno hayo yameninyima utulivu. Baba yako mdogo, aliyefariki ghafla kwa mshtuko wa moyo kabla ya kutimiza miaka 50, alikuwa mwembamba na chakula chake kilikuwa ugali wa uwele kwa mlenda. Na baba yako, alipopimwa hapa Dodoma, amekutwa na lehemu, yaani mafuta ya damuni yaitwayo kolesteroli, nyingi kupita kiasi.

Ini ndilo linaloondoa lehemu mbaya katika damu, likiinasa kwa vipokezi vyake. Lakini mtu 1 kati ya takriban 250 amerithi kinasaba chenye hitilafu, hivyo lehemu hubaki damuni tangu utotoni na kujijenga taratibu katika kuta za mishipa inayolisha moyo. Mzazi mwenye hali hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa asilimia 50, na umbo la mwili halionyeshi nani amerithi. Kwa mtu huyo chakula peke yake hakitoshi; kwa kawaida huhitaji dawa, hasa za kundi la statini, zinazopunguza lehemu, na akianza mapema hujikinga sana.

Hata hivyo, chakula kina uzito wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba, miongoni mwa waliorithi hatari kubwa, wale walioishi vizuri, yaani bila sigara wala unene uliokithiri, wakifanya mazoezi na kula kwa uangalifu, hatari yao ilikuwa karibu nusu ya ile ya wenzao walioishi kinyume. Kwa hiyo pikia mafuta ya alizeti badala ya mawese, ambayo yana mafuta mengi ya kuganda. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kunde na mboga za majani zisikosekane. Nyama choma ya mnadani Msalato, ambayo najua unaipenda, sikukatazi, ila uache yale mafuta yake.

Ukija likizo, tutakwenda pamoja hospitali upimwe lehemu na shinikizo la damu. Dada yako ameshakubali kupima, na baba yako atakuja na majibu yake ili daktari ayaone yote kwa pamoja.

Mama yako,
Kizota, Dodoma