Barua ya wazi kwa mabinti wa kazi za zamu na uhamisho

Binti zangu,

Nawaandikia ninyi wauguzi wa zamu ya usiku, ninyi askari mliopelekwa Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda yetu, huku nyumba imebaki Jinja, na ninyi wa benki mnaoonana na watoto wenu mara mbili kwa mwezi. Jambo mnalijua. Mume ana mtu nje, amezaa naye, na sasa mtoto huyo analetwa akae kwenu. Mmoja atakuambia uvumilie, mwingine atakuambia ufunge virago. Mimi naomba kwanza utenganishe mambo matatu ambayo hasira huyafunga kitita kimoja: mwili wako, mali yako, na huyo mtoto. Kila moja lina saa yake na ofisi yake.

Mwili ndio wenye saa fupi. Kabla hujauliza huyo mwanamke ni nani, hesabu muda tangu mlipolala pamoja mara ya mwisho. Kama saa 72 hazijapita, nenda kituo cha afya leo hii, si kesho baada ya zamu. Mhudumu akiona hatari ipo atakuanzishia dawa za kuzuia VVU, na utazimeza siku 28 bila kuruka. Saa hizo zikiwa zimepita, pima sasa, rudia baada ya miezi 3, na katikati hapo ni kondomu au kila mtu na kitanda chake. Omba pia kipimo cha kaswende na cha homa ya ini B. Kisonono kwa mwanamke mara nyingi hakina dalili, na kikiachwa huharibu mirija ya uzazi, kwa hiyo "sisikii maumivu" si jibu. Wauguzi, haya mnawafundisha wengine kila siku, lakini ninyi ndio mnaochelewa kwa kuogopa maneno ya wodini. Basi pandeni gari mkapimwe wilaya ya jirani.

Simu ya mume iache. Sheria ya mwaka 2011 ya matumizi mabaya ya kompyuta inahesabu kuwa kosa kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa yake. Polisi nao hawatamkamata kwa uzinzi: Mahakama ya Katiba ilifuta kosa hilo mwaka 2007, kwa sababu lilimbana mke na kumwachia mume mlango wazi. Uzinzi umebaki kuwa sababu ya talaka, na tangu hukumu ya 2004 unamtosha mke kama unavyomtosha mume. Zamani mke alilazimika kuongeza ukatili au kutelekezwa ndipo asikilizwe. Ukienda kumpiga yule mwanamke sokoni, faili litakalofunguliwa ni lako, na mwajiri wako atalisikia kabla ya wiki kwisha.

Utaambiwa pia kwamba kazi yako ndiyo iliyomtoa mume nyumbani. Wako wanaume wengi waliohamishwa kikazi na hakuna aliyewapa wake zao ruhusa hiyo. Usiandike barua ya kuacha kazi, wala usiombe uhamisho katika mwezi wa kwanza. Omba likizo. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mfanyakazi siku 7 kwa kila miezi 4 aliyofanya kazi mfululizo. Chukua hizo siku 7 ulale, ule, na ushughulikie karatasi.

Karatasi ya kwanza ni ya ndoa yenyewe. Ndoa ya kanisani au ya kwa msajili ni ya mke mmoja. Akioa mwingine wakati yako ingalipo, hiyo ya pili ni batili. Ya kimila na ya Kiislamu zina nafasi ya mke mwenza. Wengi wenu mna picha nzuri za kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mume kwa wazazi, na hamna cheti. Ndoa ya kimila husajiliwa gombolola, yaani ofisi ya tarafa, au kwenye halmashauri ya mji, ndani ya miezi 6 baada ya sherehe, mkiwa na mashahidi wasiopungua wawili. Na kama mliishi tu pamoja, hata miaka 20, sheria ya Uganda haiwahesabu kuwa mume na mke. Jua umesimama wapi kabla hujatishia talaka.

Halafu mali. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilisema kwamba mali haikatwi nusu kwa nusu kwa sababu tu mmeoana; unaangaliwa mchango wa kila mmoja, hata ule usio wa fedha taslimu. Hapa ndipo mabinti wenye mishahara wanapoumia. Baba ananunua kiwanja na mabati, mama analipa chakula, umeme na karo. Baada ya miaka kumi baba ana hati, mama ana ripoti za watoto. Mchango wake upo, ila hauna alama. Kuanzia mwezi huu lipa kwa njia inayoacha alama: karo benki, saruji kwa risiti yenye jina lako, pesa za fundi kwa simu, na taarifa ya akaunti uichapishe kila baada ya miezi 6. Nakala zikae kwa dada yako, si kwenye kabati mnalochangia.

Ardhi mnayoishi na inayowalisha haiuzwi wala kuwekwa rehani bila mwenzi kukubali kwa maandishi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Rehani ya 2009 zote zinasema hivyo. Ukisikia harufu ya mnunuzi, nenda ofisi ya ardhi ukaweke kaveati, yaani zuio, kwenye hati. Na usitie sahihi kumdhamini kwa mkopo wowote mpya mpaka haya mambo yatulie, hata akilia.

Sasa mtoto. Kuna wanaodhani wakikataa kumtambua atatoweka kwenye urithi. Hatoweki. Kwa marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Mirathi, mtu akifa bila wosia asilimia 75 ni ya watoto wake wote, wa ndani na wa nje, 20 ya mwenzi, 4 ya ndugu aliokuwa akiwalea, 1 ya mrithi wa kimila. Anayefichwa leo ataonekana msibani, mbele ya ukoo mzima, na watoto wako watamwona ndugu yao kwa mara ya kwanza kando ya jeneza.

Lakini huna lazima ya kumpokea. Nalisema wazi kwa kuwa mashangazi wenzangu hawalisemi. Baba anaweza kumtunza akiwa kwa mama yake au kwa bibi. Ukimpokea, ujue sheria ya watoto inambebesha wajibu wa matunzo hata yule anayekaa na mtoto, si mzazi peke yake. Afadhali "hapana" ya leo kuliko "ndiyo" itakayomlaza stoo.

Ukikubali, kikao kitangulie begi. Wakae mume, mzee mmoja wa upande wake, mmoja wa upande wako, na mama wa mtoto au mtu wake. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ashuhudie maandishi. Andikeni nani analipa karo na kwa tarehe gani, likizo ya Mei, ya Agosti na ya Desemba analala wapi, nani anatia sahihi hospitalini. Mtoto aje na cheti cha kuzaliwa cha NIRA (mamlaka ya usajili wa raia), kadi ya chanjo, ripoti ya shule, na majibu ya selimundu kama alipimwa. Kama baba ana shaka ya damu, kipimo kifanyike kabla ya kikao, na neno hilo lisitamkwe tena mtoto akisikia.

Watoto wako waambie siku kadhaa kabla, kwa maneno machache: huyu ni ndugu yenu, baba yenu ndiye baba yake. Usimlazimishe mgeni akuite mama. "Mama" na jina la kifungua mimba wako linatosha. Apewe godoro lake na chandarua chake. Mahitaji ya shule, rimu ya karatasi, fagio, karatasi za chooni, sukari, ya wote yanunuliwe duka moja siku moja, maana watoto huhesabu. Akianza kukojoa kitandani usishangae, mtoto aliyehamishwa hufanya hivyo. Shuka lifuliwe kimya. Msichana wa kazi naye anasoma macho yako: ukimtazama mtoto kwa jicho la upande, wiki ijayo kijiko chake cha mchuzi kitapungua wakati wewe uko kazini.

Na hapo ndipo penye kosa kubwa la ninyi mlio mbali: mnatuma pesa, baba anapumzika. Mlezi wa kwanza wa mtoto huyu ni baba yake. Yeye ndiye ampeleke kliniki, yeye aongee na mama wa mtoto kwa simu. Wewe na huyo mama mkiandikiana, iwe ni homa, viatu au siku ya kuwatembelea watoto shuleni, na siku hiyo mpeane zamu. Baba akiacha kulipa, usizibe pengo kimyakimya. Nenda kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, atawaita, na akishindwa kuna mahakama ya familia na watoto.

Kikao cha pili kipangwe siku ileile ya kwanza: wiki ya mwisho ya muhula, ripoti za watoto wote mezani, na risiti.

Shangazi yenu,
Jinja